Riwaya Nne na Nyumba Zisizohifadhi



Katika nyumba zetu za pwani riwaya haina pahala pake maalumu. Msahafu una marufaa yake, vitabu vya dini vina kabati lao, lakini riwaya utaikuta chini ya mto, au nyuma ya cherehani, au ndani ya mkoba wa skuli. Mwenye nyumba akiiona huuliza neno moja tu: "Hiki ndicho mnachosoma?" Jawabu haingojwi. Kitabu huchukuliwa, na aliyekuwa akikisoma hutafuta kingine akakificha vizuri zaidi.

Leo nataka tufanye kinyume cha hayo. Tukichukue kitabu, tukisome sisi wenyewe mpaka ukurasa wa mwisho, kisha ndipo tuseme. Miye si mwalimu wa fasihi wala sina shahada ya mambo hayo. Ni msomaji tu, mtu wa pwani niliyeletwa bara na shughuli za riziki, na ninakaa Jorodom, karibu na Katesh, pale ambapo wanaoupanda Mlima Hanang huanzia safari yao. Huku usiku ni wa baridi na mtu akisha kusali isha hufunga mlango mapema. Vitabu huja kwa basi, kimoja kimoja, ndani ya mizigo ya wasafiri. Miezi hii nimesoma vinne: *Nyota ya Rehema* ya Mohamed Suleiman Mohamed, *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, na *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi. Vitatu ni vya waandishi wa Zanzibar na kimoja ni cha mtu wa Ukerewe.

Sikuvichagua kwa mpango wowote. Lakini nilipomaliza cha nne niliona kwamba nimesoma habari moja mara nne. Binti anapata mashaka makubwa, na asili ya mashaka yake haikuwa mtaani wala sinema wala kwa rafiki mbaya. Asili yake ilikuwa ndani ya nyumba iliyopaswa kumhifadhi. Kwa hiyo naona vitabu hivi vinatuhusu sisi wenye nyumba kuliko vinavyowahusu wale tunaowanyang'anya.

Kwanza, mizani

Najua kuna wazee watakaosema kwamba riwaya zote ni maneno ya upuuzi, na watatukumbusha Sura ya Luqman, aya ya 6, inayowalaumu wanaonunua maneno ya upuuzi ili kupoteza watu. Nawajibu kwa heshima kwamba lawama ile ina sharti ndani yake, nayo ni kupoteza watu. Basi inatupasa tuangalie kila kisa kinamwelekeza wapi anayekisoma. Kisa chenyewe, kwa kuwa ni kisa, hakina dhambi. Sura ya Yusuf imeitwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe kuwa ni hadithi nzuri kuliko zote, nayo ina habari nzito: ndugu wanamtupa ndugu yao kisimani, baba anadanganywa kwa kanzu yenye damu ya uwongo, mwanamke wa nyumba kubwa anafunga milango na kumtaka kijana aliye chini ya mkono wake, na asiye na makosa anatiwa gerezani.

Tukiitazama sura hiyo tutapata mizani ya kupimia visa vyetu vidogo. Mambo mabaya ya ndani ya nyumba yametajwa wazi, hayakufichwa kwa sababu ni nyumba ya wakubwa. Yametajwa kwa haya, msikilizaji anajua lililotakiwa lakini hatiwi ndani ya chumba akaangalie. Na mwisho wake mlango wa toba uko wazi, maana ndugu wale wale waliomtupa mwenzao wanasamehewa. Basi nimevipima vitabu hivi kwa ukweli, kwa haya na kwa toba. Mizani hiyo inamtosha mtu wa kawaida kama miye.

Nyota ya Rehema (1976)

Kitabu hiki naanza nacho kwa kuwa ndicho kilichoniuma zaidi. Rehema ni binti wa Fuad, tajiri wa mashamba huko Unguja, mtu anayejivunia nasaba yake ya Kiarabu. Mama yake mtoto, Aziza, amekufa, na mtoto ametoka na rangi ambayo baba hakuitaka. Nyumbani yuko mke mwengine, Adila. Rehema anakua katika nyumba ya baba yake kama mtu aliyekuja kuomba hifadhi, mpaka anakimbia. Anaokolewa na Sulubu, mkulima maskini. Anapita mjini, na mjini msichana asiye na mtu hununuliwa. Kisha anarudi kwa Sulubu, wanaoana, wanalima.

Kwa ukweli kitabu hiki kimeshinda. Ndugu msomaji, tusidanganyane. Ni nyumba ngapi za pwani ambamo mtoto akizaliwa watu hutazama kwanza masikio yake na kucha zake, kujua atakuwa na rangi gani? Ni wachumba wangapi waliorudishwa kwa nywele zao? Sote tumehutubiwa kwamba Mtume s.a.w. katika hija yake ya kuaga aliwaambia watu kuwa Mwarabu hana ubora juu ya asiyekuwa Mwarabu ila kwa uchaji Mungu. Twaitikia amina, kisha tukirudi nyumbani twamwita mtoto wetu mmoja "mweupe wangu" na mwengine hatumwiti jina la mapenzi. Mohamed Suleiman Mohamed hahutubu. Anamweka Rehema ukumbini kwa baba yake na kutuacha tuangalie.

Jambo la pili katika kitabu hiki ni ardhi. Fuad, dhamiri ilipomuuma, anampa Rehema kishamba. Rehema na mumewe wanakilima kwa jasho lao. Baba anapokufa warithi wanakidai, kesi inakwenda, na mwisho damu inamwagika. Katika fikihi yetu hiba hutimia kwa mtoaji kutoa, mpokeaji kukubali, na kitu kukabidhiwa. Rehema alikuwa amekabidhiwa, kwani alikaa juu ya ardhi ile na kuilima. Kilichokosekana ni karatasi na mashahidi, na penye tajiri na maskini, asiye na karatasi ndiye anayeonekana mwongo.

Nikisoma kurasa zile huku Hanang sikuweza kuziona kuwa ni hadithi tu. Katika wilaya hii, miaka ya 1970 na 1980, shirika la serikali la kilimo, NAFCO, lilifungua mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada, juu ya ardhi iliyokuwa ikitumiwa na wenyeji, wengi wao wafugaji wa Kibarbaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufaa ya Tanzania iliamua kwa faida ya shirika, kwa kuwa wanakijiji hawakuweza kuthibitisha kwamba ardhi ile waligawiwa kwa utaratibu wa sheria. Kuishi kwao juu yake hakukutosha. Basi mtu wa Unguja aliandika mwaka 1976 juu ya kishamba cha binti mmoja, na jambo la aina ile ile likawafika watu wa bara wasiojua hata minazi ikoje. Kurani imetuamrisha kuliandika deni, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, na hapana mwenye akili atakayesema kwamba zawadi kwa binti ina haja ndogo ya kuandikwa. Ewe baba, ikiwa umempa mwanao wa kike chumba, au minazi kumi, au kiwanja, mwandikie leo, na ndugu zake waite washuhudie ungali hai.

Ila kitabu kina kasoro. Sulubu ni mwema mno, hana hata siku moja ya uvivu au choyo, na matajiri karibu wote ni wabaya. Kwa hiyo msomaji huuona mwisho unakuja tangu mbali. Maskini halisi hukosea pia, na kukosea kwake hakumwondolei haki yake.

Utengano (1980)

Hiki wengi mnakijua, maana kimepata kusomeshwa katika skuli za sekondari za Kenya. Bwana Maksuudi ni mtu wa mali na siasa, mwenye maneno matamu mbele za watu. Nyumbani mkewe Tamima na binti yake Maimuna wamefungiwa ndani. Maimuna hatoki, hachanganyiki na watu, hajui dunia ikoje. Huku nje Maksuudi mwenyewe anafuata wanawake na kula mali za watu. Kuna mwanamke aitwaye Kazija, ambaye kwa kulipiza kisasi cha jamaa zake anapanga mpaka baba na mwana, Maksuudi na Mussa, wakutane katika nyumba moja ambamo hapana hata mmoja wao aliyepaswa kuwamo. Kisha yanakuja talaka, kutoroka kwa Maimuna, danguro na ulevi.

Watu husema kitabu hiki ni kibaya kwa kuwa kina danguro. Nawauliza waliosema hivyo kama walisoma kurasa zilizotangulia danguro. Mwandishi ametumia sehemu kubwa ya kitabu kutuonyesha nyumba kabla hajatuonyesha pahala pachafu, na kwa hesabu yangu nyumba ile inatisha zaidi. Maimuna alipofika nje hakujua kumtambua mwema na mwovu, kwa sababu hakupata kufunzwa lolote ila kufungiwa. Kumfungia mtoto si kumlea. Malezi ni kumtia mtoto ndani ya moyo wake kitu kitakachomlinda hata pale ambapo baba hayupo. Maksuudi alimlinda binti kwa kufuli, na siku kufuli ilipofunguka hakubaki na ulinzi wowote.

Na liko jambo jengine, ambalo wanaume tunapenda kulipita haraka. Sheria ya nyumba ile ilimhusu binti peke yake. Mussa, mtoto wa kiume, alikuwa na njia yake na hapana aliyemuuliza alikotoka. Tumezoea hivyo hata leo. Kijana akirudi saa sita za usiku huwekewa chakula, na dadake akichelewa kutoka chuoni huitiwa baraza ya wazee. Dini haina heshima mbili, moja ya mtoto wa kike na nyengine ya mtoto wa kiume. Aya ya kuinamisha macho, katika Sura ya An-Nur, imeanza na wanaume kabla ya wanawake.

Kwa haya kitabu hiki kina upungufu. Baadhi ya kurasa za ulevini zimerefushwa kuliko haja, na mara msomaji huona kwamba mwandishi amesahau alichokuja kutuambia akawa anaburudika na kelele za mahali. Tena Maimuna anaporomoka haraka mno. Jana hajui njia ya dukani, leo ni hodari wa ulevi. Ningependa kuziona siku zile za katikati, za woga na majuto, kwani hapo ndipo wasichana wengi wangali wanaweza kurudishwa.

Lakini kwa toba kitabu hiki kimefanya jambo jema, na sijui kwa nini wanaokilaumu hawalitaji. Maksuudi anaanguka, cheo na mali vinamtoka. Maimuna anapata mtu, Kabi, anayemtazama kama binadamu, akamsaidia kutoka katika ulevi, wakaoana. Mwandishi hakumwua binti yule ili atutishe. Alimrudisha. Ni wangapi kati yetu tungemruhusu mwanetu wa kiume amwoe Maimuna? Hapo kitabu kimetushinda sisi wenye kuswali.

Vuta N'kuvute (1999)

Kitabu cha Adam Shafi ni kirefu na kinachekesha, na mwaka 2021 kilifanyiwa filamu na Amil Shivji ikaonyeshwa hata Toronto. Mambo yake ni ya Unguja ya wakati wa Mwingereza. Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka 15, ameozwa Raza, mwenye duka, mtu wa miaka 52. Hakuulizwa. Anakimbia, na jamaa zake wanamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo, si wa damu yake wala wa kabila lake. Kwa Mwajuma anakutana na Denge, kijana anayepingana na serikali ya kikoloni, na tangu hapo polisi wako nyuma yao.

Sehemu ya kwanza ya kitabu hiki ingefaa isomwe kwa sauti katika kila nyumba inayojadili posa. Raza si mtu mkatili. Hampigi, anampa kila anachoweza kumpa. Na hapo ndipo uhodari wa mwandishi, maana ametuondolea kisingizio. Mara nyingi tunasema, "Mume mwema, ana duka, anamlisha, analia nini?" Basi Yasmin analia kwa sababu hakutaka, na hilo peke yake latosha. Imo katika Sahihi ya Bukhari habari ya Khansaa binti Khidam, mwanamke aliyekwisha kuolewa zamani, ambaye baba yake alimwoza naye hataki. Akamwendea Mtume s.a.w., na Mtume akaivunja ndoa ile. Bikira naye huulizwa, na kunyamaza kwake huchukuliwa kuwa ni idhini. Ni kweli kwamba wanavyuoni wa Kishafii wamempa baba madaraka makubwa juu ya binti bikira, lakini wameyatia masharti, na wamesema kumtaka shauri ni sunna. Sisi aghlabu tumeshika madaraka na masharti tumeyasahau.

Tazama tena mlango wa pili. Nyumba ya kwanza ilimwoza, nyumba ya jamaa ikamfungia, na mlango pekee uliofunguka ni wa mwanamke ambaye watu wa heshima hawampi mkono. Tukilalamika kwamba binti zetu wanakimbilia kwa watu wasiofaa, tujiulize kwanza kama wale wanaofaa walifungua.

Sasa niseme nisilolipenda. Mwandishi anauchukulia ulevi kama mchezo. Chupa inapita kutoka mkono hadi mkono, watu wanacheka, na hapana asubuhi ya kesho yake. Mwandishi aliye mkweli kiasi hiki juu ya ndoa alipaswa kuwa mkweli juu ya pombe pia. Tena kadiri hadithi inavyoendelea Denge na polisi wanaimeza. Kukamatwa, kutoroka, kukamatwa tena. Yasmin, aliyekuwa mwenye hadithi, anakuwa mtu wa kuvutwa huku na huku, mara na mapenzi, mara na polisi wanaotaka kumtumia. Huenda ndiyo maana ya jina la kitabu, lakini miye nilikuwa nimekaa kumsikiliza yeye, na nilisikitika kumwona akinyamazishwa mara ya pili.

Rosa Mistika (1971)

Kitabu hiki ni cha Wakristo wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria, na mtu aweza kuuliza kinaingiaje katika kurasa hizi. Kimeingia kwa sababu ya Zakaria, baba yake Rosa. Zakaria ni mlevi. Mke na watoto wanahangaika na chakula, na yeye anakunywa. Lakini siku alipogundua kwamba binti yake ameandikiwa barua na kijana alimpiga kipigo ambacho msomaji hakisahau. Tangu siku ile Rosa akawaogopa wanaume wote. Akaenda skuli akiwa na woga huo, wenzake wakamcheka, na woga ulipovunjika haukuacha chochote mahali pake. Akaingia katika kila aina ya uharibifu. Baadaye akataka kujirekebisha na kuolewa, lakini mchumba alipoyajua ya nyuma alimwacha, na Rosa akajitoa roho.

Kilipotoka kitabu hiki kilizuiwa mashuleni kwa muda, kwa kuwa kinataja mambo ambayo watu wazima hawakutaka yatajwe mbele ya watoto. Kezilahabi alifariki mwaka 2020, na kitabu chake bado kinasomwa. Naungana nusu na waliokizuia. Kuna kurasa ambazo nisingempa mtoto wa miaka 13 azisome peke yake. Lakini ningempa baba yake azisome kwanza, usiku mmoja, bila ya kuruka.

Nilimwazima kitabu hiki jirani yangu wa hapa Jorodom, mama wa Kiiraqw na Mkristo, pamoja na *Utengano*. Aliporudisha sikutarajia alichosema. Zakaria, ambaye ni wa dini yake, hakumshughulisha sana. Aliyemshughulisha ni Maksuudi. "Huyu namjua," akasema, "ila huku havai kanzu." Na miye, kwa upande wangu, nilikuwa nimemjua Zakaria katika mitaa yetu, ila kule hanywi pombe. Mtu anaweza kujiepusha na ulevi maisha yake yote na bado akamlea binti yake kwa mkono wa mlevi.

Inapokewa kwamba Fatma alipoingia kwa baba yake, Mtume s.a.w. alikuwa akiinuka, akimshika mkono na kumkalisha pahala pake. Tuulinganishe ukumbi ule na ukumbi wa Zakaria, ambapo binti alisimamishwa kwa ajili ya karatasi moja.

Kwa toba kitabu hiki kimenikatisha tamaa. Rosa alikwisha kugeuka, alikwisha kutaka njia njema, na mwandishi akamfungia. Kwetu sisi mlango huo haufungwi mpaka roho ifike kooni. Najua Kezilahabi alitaka kutuonyesha ukatili wa watu wanaomhukumu mwanamke kwa jana yake, na katika hilo amesema kweli. Hata hivyo naogopa msichana anayesoma peke yake, mwenye siri moyoni, asije akadhani kwamba huo ndio mwisho uliobakia. Msichana huyo asikisome peke yake. Awe na mama yake, au dada mkubwa, wa kumwambia kwamba Maimuna alirudi.

Lawama moja kwa wote

Yako malalamiko ambayo nayaweka mbele ya waandishi wetu wa pwani hasa. Katika riwaya hizi mtu wa dini aghlabu ni mnafiki au ni bubu. Dini huwamo mdomoni mwa anayedhulumu. Kumfichua mnafiki ni haki ya mwandishi, na wanafiki wapo, sikatai. Lakini katika kila mtaa wetu wamo pia wazee waliopokea watoto wa watu, bibi waliowafundisha mayatima Kurani bila ya malipo, na walimu wa vyuo waliosimama mbele ya tajiri wakamwambia neno la haki. Mbona hao hawamo? Kuwaacha nje ni kuipunguza kweli.

Sikumwona pia hata mwanamke mmoja aliyekwenda kwa kadhi kudai haki yake akaipata. Mtafiti wa Kimarekani, Susan Hirsch, alikaa akisikiliza kesi katika mahakama za kadhi za pwani ya Kenya, na katika kitabu chake cha mwaka 1998 ameeleza kwamba wengi wanaopeleka mashtaka ni wanawake, na kwamba aghlabu wao ndio wanaoshinda. Mgeni ameliona jambo hilo na akaliandika. Mwanamke wa pwani anayevaa buibui lake asubuhi, akachukua mtoto na karatasi zake, akaenda kumshtaki mume asiyelisha, ni mtu wa kweli kama Maimuna na Yasmin. Bado anangoja mwandishi wake, na pengine mwandishi huyo yumo katika nyumba ya mmoja wenu, anaandika kwa siri nyuma ya daftari la hesabu.

Neno kwa wenye nyumba

Ukiniuliza ununue kipi, nitasema anza na *Nyota ya Rehema*, kisomwe na nyumba nzima, na baba ndiye awe wa kwanza. *Utengano* wape watoto waliokwisha kubaleghe, na zungumza nao juu ya Mussa kama mtakavyozungumza juu ya Maimuna. *Vuta N'kuvute* ni cha watu wazima, na sura zake za mwanzo zisomwe kabla ya kujibu posa. *Rosa Mistika* kiweke juu ya kabati, na siku ukikitelemsha kaa hapo hapo na anayekisoma.

Usivichome, wala usivitupe, wala usijidanganye kwamba ukivitoa nyumbani umeyatoa na yaliyomo. Nimezihesabu sababu za mashaka ya mabinti hawa wanne. Mmoja alinyimwa mapenzi kwa rangi yake, mmoja alifungiwa bila ya kufunzwa, mmoja aliozwa bila ya kuulizwa, na mmoja alipigwa na baba ambaye mwenyewe alihitaji kurudiwa. Hapana hata mmoja wao aliyepotezwa na kitabu.

Wabillahi tawfiq.